Wanafunzi nao wapewe nafasi ya kuipima shule yao

KWA miaka mingi shule nchini Kenya zimekuwa zikipimwa kwa kipimo kimoja tu: mtihani. Matokeo yalipotangazwa, wazazi walikimbilia magazeti kutafuta alama za wastani, walimu wakuu wakabebwa juujuu au wakalaumiwa, na shule ikapata jina jema au baya hadi matokeo ya mwaka uliofuata. Mtihani wa KCPE, ulioanza mwaka 1985, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Hata hivyo, mazoea ya kuihukumu shule kwa alama pekee hayakuondoka pamoja nao.

Katika kipindi hicho chote mwanafunzi alikuwa ndiye anayepimwa. Ni nadra yeye kuulizwa anaionaje shule yenyewe. Mkaguzi wa elimu hufika mara moja moja, akapitia maazimio ya kazi na daftari za mahudhurio, akaketi nyuma ya darasa kwa kipindi kimoja, kisha akaenda zake. Wanachama wa bodi ya usimamizi hukutana, wakasoma hesabu, wakatawanyika. Mwanafunzi yupo pale kila siku ya masomo. Anajua mfereji upi umekauka, mlango upi wa choo haufungiki, kitabu kipi kinagawanywa kwa watu watano, na somo lipi darasa zima hukariri bila kulielewa. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kumshirikisha mwanafunzi katika kuitathmini shule, basi, si kumpendelea wala kumdekeza. Ni kuchota maarifa ambayo shule tayari inayo ndani ya ua wake lakini haiyatumii. Swali ni namna ya kuyachota bila kuvunja nidhamu na bila kuugeuza ushiriki huo kuwa mchezo wa kuigiza.

Ni vyema kwanza kutofautisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Kuchagua viranja ni kugawa kazi za usimamizi: nani apige kengele, nani asimamie foleni ya chakula. Kulalamika ni kutaja kinachouma. Kutathmini ni zaidi ya hayo mawili. Ni kuchagua jambo, kukusanya ushahidi juu yake, kutafuta chanzo chake, kupendekeza la kufanywa, kisha kurudi baadaye kuangalia kama hali imebadilika. Shule inaweza kuwa na viranja hodari na malalamiko tele, na bado isiwe imewahi kutathminiwa na wanafunzi wake hata siku moja.

Tuchukue mfano wa Feri, upande wa kisiwa cha Mombasa, mahali Barabara ya Nyerere inapoteremka hadi majini. Kila asubuhi, katika umati unaoshuka kutoka Likoni, wamo watoto waliovaa sare na kubeba mikoba. Anayevuka kwa miguu halipi nauli, na mkondo wenyewe si mpana. Lakini kuna foleni, kuna kusubiri meli ipite, na siku chombo kimoja kinapoharibika mstari hurefuka hadi jua likapanda. Mtoto aliyeamka alfajiri Likoni anaweza kufika darasani kisiwani baada ya mwenzake aliyeamka saa moja baadaye kwao Ganjoni au Mji wa Kale.

Kwa mwalimu wa zamu anayesimama langoni, watoto hao wote ni wamoja: wamechelewa. Majina yao huandikwa katika orodha moja, na adhabu yao huwa moja, kuokota taka au kupiga magoti kipindi cha kwanza kikiendelea. Orodha hiyo humweleza mwalimu mkuu idadi tu. Haimwelezi sababu.

Sasa tuchukulie kwamba shule imewapa wanafunzi wenyewe kazi ya kulichunguza jambo hilo kwa majuma mawili. Kila anayechelewa anaandika, bila jina, saa aliyotoka nyumbani, saa aliyofika kivukoni, saa aliyopanda na saa aliyoingia langoni. Huenda ikabainika kwamba baadhi yao walikwama feri. Wengine walikataliwa na makondakta wa matatu wasiotaka abiria wa nauli ya mwanafunzi wakati wa msongamano. Wengine walikuwa wakiwapeleka wadogo zao chekechea kwa kuwa mama hutoka mapema kwenda kuuza mihogo au madafu. Na wengine, tusijidanganye, walilala tu.

Hayo ni magonjwa manne, na kila moja lina dawa yake. Kupiga magoti huenda kukamtibu aliyelala, lakini hakuifanyi feri ing'oe nanga mapema. Shule haina uwezo wa kuongeza chombo majini. Ina uwezo, hata hivyo, wa kutopanga jaribio la hisabati katika dakika za kwanza za asubuhi, wa kuzungumza na chama cha wenye matatu, na wa kumwita mzazi mmoja kwa jambo mahususi badala ya kuwaita wazazi hamsini kwa jambo la jumla. Maarifa hayo hayamo katika ripoti ya mkaguzi. Wanayo watoto.

Kuna mambo mazito kuliko kuchelewa. Machi 1998, moto uliteketeza bweni la shule ya wasichana ya Bombolulu, karibu na Mazeras, si mbali na Mombasa, na wasichana zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Miaka mitatu baadaye, Machi 2001, wavulana 67 walikufa katika bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Moto wa Kyanguli uliwashwa makusudi, na hakuna lalamiko lolote duniani linalohalalisha kitendo kama hicho. Lakini ilipokuja kuelezwa kwamba mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma, nchi nzima ilishtuka. Wasiokuwa na sababu ya kushtuka ni waliokuwa wakilala mle. Wao waliuona mlango ule kila usiku.

Mwaka huo huo wa 2001, jopo lililoongozwa na Naomi Wangai lilichunguza utovu wa nidhamu na fujo katika shule za sekondari. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni, unaosema pamoja na mengine kwamba milango ya mabweni ifunguke kwa nje na madirisha yasiwekwe vyuma. Hata hivyo, Septemba 2024 wavulana 21 walikufa kwa moto wa bweni katika shule ya Hillside Endarasha, Kaunti ya Nyeri. Kanuni zipo kwa miaka mingi. Kinachopungua ni macho ya kuzikagua kila siku. Ofisa wa kaunti hawezi kuzunguka kila bweni kila usiku. Wanaolala humo wanaweza, mradi wafundishwe la kutazama, wapewe karatasi ya kuandikia, na awepo mtu mzima anayelazimika kuisoma.

Wazo la kumpa mwanafunzi sauti halikuletwa na meli kutoka Ulaya. Mwalimu Julius Nyerere, ambaye jina lake limepewa barabara ile iendayo Feri, aliandika katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967, kwamba shule iwe na shamba au karakana yake, na kwamba wanafunzi washiriki kuamua mambo yanayohusu kazi hiyo na matumizi ya mapato yake. Hoja yake ilikuwa kwamba kijana hawezi kujifunza kujitawala iwapo siku zote za masomo yake anaamriwa tu.

Mfano wa karibu zaidi ulianzia Tanzania mwaka 1996. Wasomi wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mradi walioupa jina la Tuseme. Walikwenda katika shule za sekondari, wakawataka wasichana wataje wenyewe yanayowazuia kufaulu. Wasichana hao walichambua vyanzo vya matatizo yao, wakayatungia michezo ya kuigiza, ngoma na nyimbo, wakaonyesha mbele ya walimu na wenzao, kisha mjadala ukafuata juu ya hatua za kuchukuliwa. Baadaye kulianzishwa vilabu vya kufuatilia. Shirika la FAWE linaloshughulikia elimu ya wasichana Afrika, lenye makao yake Nairobi, liliuchukua mtindo huo na kuueneza katika nchi nyingine, Kenya ikiwemo.

Hekima ya Tuseme iko katika mpangilio wake. Msichana anayeona haya kusimama na kusema kwamba hukosa masomo kila mwezi kwa kukosa sodo, au kwamba njia ya kurudi nyumbani ina watu wanaomsumbua, anaweza kulisema hilo kupitia mhusika katika mchezo. Mwalimu naye hulipokea bila kuhisi kwamba ameshambuliwa. Watu wa Pwani, waliozoea kutoleana ujumbe kwa mafumbo ya nyimbo na hata kwa majina ya leso, hawahitaji kufafanuliwa faida ya njia hiyo.

Nchini Kenya hatua kubwa ilifuatia fujo za mwaka 2008, ambapo shule nyingi za sekondari zilikumbwa na migomo na uchomaji wa majengo. Mwaka 2009 Wizara ya Elimu, kwa kusaidiwa na UNICEF na kwa kushirikiana na walimu wakuu, ilianza kuhimiza mabaraza ya wanafunzi yanayochaguliwa na wanafunzi wenyewe mahali pa viranja wanaoteuliwa na walimu. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Kifungu cha 56 cha sheria hiyo kinampa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi katika bodi ya usimamizi ya shule, akiwa mwanachama kwa wadhifa wake.

Juu ya hayo upo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuidhinisha mwaka 1990. Ibara yake ya 12 inasema mtoto anayeweza kuwa na maoni yake ana haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Maneno hayo ya mwisho ni muhimu. Hayasemi mtoto aamue kila kitu. Yanasema asikilizwe, na kusikilizwa kwake kuwe na uzito.

Kama sheria ipo, tatizo liko wapi? Liko katika kuridhika na kiti. Mwanafunzi mmoja mwenye umri wa miaka 16 anaketi mezani na watu wazima zaidi ya kumi, miongoni mwao mwalimu mkuu wake. Hakupewa ajenda mapema, hakupewa muda wa kuwauliza wenzake, na mkutano ukiisha hana gwaride la kuwaelezea yaliyoamuliwa. Jina lake litaandikwa katika kumbukumbu za mkutano kwamba alihudhuria. Sheria itakuwa imetimizwa, na shule itakuwa haijajifunza lolote kutoka kwake.

Mtaalamu Roger Hart, katika kitabu alichoandikia UNICEF mwaka 1992, aliufananisha ushiriki wa watoto na ngazi yenye vidato vinane. Vidato vitatu vya chini, alisema, si ushiriki hata kidogo: watoto kutumiwa kwa ajenda ya wakubwa, watoto kuwekwa kama pambo, na watoto kuitwa ili tu ionekane kwamba wameitwa. Mzazi anayetaka kujua shule ya mwanawe imesimama kidato gani anaweza kuuliza swali moja: ni jambo gani lililobadilika hapa mwaka uliopita kwa sababu wanafunzi walilisema?

Zipo shule zilizopanda juu zaidi. Mwaka 1996 shule ya Sharnbrook, katika jimbo la Bedfordshire nchini Uingereza, ilianza kuwafunza baadhi ya wanafunzi mbinu za utafiti: namna ya kuandaa maswali, kuhoji, kuhesabu majibu na kuandika ripoti. Wanafunzi walichagua masuala ya shule yao, wakayachunguza, wakapeleka mapendekezo kwa uongozi. Jambo la kujifunza hapo ni kwamba walifunzwa kwanza. Kumwambia mtoto ambaye hajawahi kuulizwa lolote kwamba leo atoe maoni ni kumtega aseme asichokifikiria.

Kwa shule ya kawaida ya umma yenye madarasa yaliyojaa na fedha kidogo, njia inaweza kuwa hii.

Kwanza, lichaguliwe jambo moja, lililo ndani ya uwezo wa shule. Usafi wa vyoo ni mwanzo mzuri. Kiwango kinachofahamika nchini ni choo kimoja kwa wasichana 25 na kimoja kwa wavulana 30. Watoto wa Gredi ya 5 wanaweza kuhesabu, kugawanya na kuona shule yao imesimama wapi, na hilo peke yake ni somo la hisabati.

Pili, wahesabu kabla ya kusema. Maneno “vyoo ni vichafu” humkasirisha mwalimu mkuu. Lakini maneno “kwa siku kumi tulizoangalia, maji yalikosekana siku sita, na milango minne kati ya minane haifungiki” humpa kitu cha kupeleka kwa bodi.

Tatu, waulizwe wote, wala si wale wenye vinywa vyepesi peke yao. Wasichana waulizwe mbali na wavulana, wadogo mbali na wakubwa, na karatasi zisiandikwe majina. Wakumbukwe wenye ulemavu na wanaotoka mbali, kwa kuwa shule moja huwa na sura tofauti kwa kila mmoja wao.

Nne, walimu na wawakilishi wa wanafunzi waketi pamoja wayagawe mambo katika mafungu matatu: yanayoweza kufanywa juma hili, yanayohitaji fedha, na yaliyo nje ya uwezo wa shule. Kufuli la mlango ni fungu la kwanza. Tangi la maji ni la pili. Foleni ya feri ni la tatu.

Tano, na hapa ndipo juhudi nyingi hufia, jibu litolewe kwa tarehe iliyotajwa na libandikwe ubaoni. Hata jibu la “hapana” ni jibu, likiambatana na sababu. Sanduku la maoni linalofunguliwa bila jibu huwafundisha watoto kwamba kusema ni kazi bure, na aliyejifunza hivyo huenda akatafuta siku moja njia nyingine ya kusikika.

Sita, wapime tena muhula unaofuata kwa maswali yaleyale. Bila hatua hii hakuna ajuaye kama kufuli lile bado lipo.

Wako walimu wenye wasiwasi, na wasiwasi wao si wa kupuuzwa. Wanauliza: mtoto niliyemwadhibu jana si atanilipiza leo kwa karatasi isiyo na jina? Ndiyo maana zoezi hili linapaswa kuihusu shule na kazi yake, wala si mtu na tabia yake. Swali halali ni “Ni wakati gani katika somo hili unapotea njia?” Swali lisilo halali ni “Je, unampenda mwalimu huyu?” La kwanza humsaidia mwalimu kufundisha vyema. La pili huanzisha uchaguzi wa urembo.

Wako wazazi wanaosema haya ni mambo ya kigeni na kwamba mtoto mwenye adabu hasemi mbele ya wakubwa. Adabu ya Pwani, tukiitazama vizuri, hufundisha namna ya kusema: kwa kutanguliza heshima, kwa kungoja zamu, kwa lugha safi. Haijawahi kumtaka mtoto anyamaze nyumba ikiungua. Na wazee waliokuwa wakiketi barazani Mji wa Kale hawakutoa hukumu kabla ya kumsikiliza mwenye shauri.

Wengine husema muda hautoshi. Lakini mtaala wa umilisi wenyewe, ulioanza kutekelezwa mwaka 2017, unataja uraia, mawasiliano na fikra tunduizi miongoni mwa umilisi wa msingi. Darasa linalochunguza uhaba wa maji katika shule yake linajifunza yote matatu kwa wakati mmoja. Halipotezi muda wa masomo, kwa kuwa hayo ndiyo masomo.

Tahadhari mbili hazina budi kutolewa. Ya kwanza ni kwamba ushiriki wa wanafunzi haupunguzi wajibu wa serikali. Watoto wakishahesabu vyoo na kukuta vimepungua, anayepaswa kuvijenga ni mkubwa mwenye bajeti. Ni dhuluma kuwaachia watoto kazi ya kutambua tatizo, kisha kuwaachia na tatizo lenyewe.

Ya pili inahusu unyanyasaji. Mtoto aliyedhulumiwa kingono au kupigwa na mtu mzima asiambiwe aandike kikaratasi akitie sandukuni hadi mwisho wa muhula. Waraka Nambari 3 wa mwaka 2010 wa Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) unataka visa vya dhuluma za kingono viripotiwe mara moja, na simu ya bure ya kuwasaidia watoto ni 116. Nambari hiyo ingefaa kuandikwa mahali ambapo kila mwanafunzi anaiona.

Mzazi naye ana sehemu yake. Mkutano wa wazazi unapoitishwa, maswali huwa ni ya karo, chakula na alama. Anaweza kuongeza moja: ripoti ya wanafunzi iko wapi? Shule ikijibu kwamba haina, bodi iombwe kutenga dakika 20 katika kikao kijacho, mwakilishi wa wanafunzi apewe ajenda juma moja kabla ili azungumze na wenzake, na baada ya kikao apewe nafasi kwenye gwaride kueleza kilichokubaliwa na kilichokataliwa. Hatua hizo tatu hazihitaji shilingi hata moja, na shule inaweza kuzianza muhula ujao.